MNYAMA AKIVUNJIKA MGUU, NANI ABEBE HASARA?



Ijumaa moja miezi michache iliyopita, watu wakiwa bado wanatafuta viatu vyao mlangoni, ndugu mmoja alinivuta kando ya ukuta akaniuliza swali la haraka. Nilimjibu palepale kwa sababu jambo halikungoja. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikilirudia jibu lile kichwani, na leo naliandika pamoja na sababu zake, maana katika mji huu wa Bunia wenye mifugo ni wengi na swali hili litawafikia.

Ng'ombe wake jike aliteleza usiku wa mvua akaanguka katika korongo, upande wa njia ya Kasenyi. Mguu wa nyuma ukavunjika juu, kwenye paja. Mchungaji alimkuta asubuhi amelala, anajaribu kusimama na kushindwa. Siku nne kabla ya hapo alikuwa amechomwa sindano ya oksitetrasiklini, ile inayokaa mwilini muda mrefu, kwa sababu ya kidonda cha kwato. Mchinjaji wa jirani akaja, akamtazama, akasema: "Mzee, tumchinje leo jioni. Nitakupa nusu ya bei, kesho nyama iko sokoni. Nani atajua?" Na ng'ombe yule ndiye aliyekuwa minervali ya watoto watatu.

Ndugu yetu akaniuliza: "Ustadhi, nikimwahi akiwa hai nikamchinja, si ni halali?"

Ndiyo, ni halali. Katika Surat al-Maida, aya ya 3, Mwenyezi Mungu (S.W.) ametaja nyamafu, na aliyeanguka kutoka juu, na aliyepigwa pembe, kisha akamtoa katika uharamu yule tuliyemwahi kwa kisu angali na uhai. Kwa upande wa kisu hapana shaka. Lakini angalieni namna alivyouliza. Aliuliza juu ya nyama, wakati mnyama mwenyewe alikuwa bado anapumua kule korongoni, na watu watakaokula walikuwa bado hawajui lolote.

Tuanze na mnyama. Vitabu vya fiqhi vikizungumza juu ya mnyama aliyeumia, mara nyingi mfano wao ni farasi, ngamia au punda. Farasi sisi hatuna. Mbung'o na maradhi yake hakumpa nafasi katika nchi zetu hizi. Lakini hukumu yake inatuhusu. Sheikh Izzuddin bin Abdissalam, mwanachuoni mkubwa wa madhehebu yetu ya Shafii aliyefariki mwaka 660 Hijria (1262), katika kitabu chake Qawaid al-Ahkam alihesabu haki za mnyama juu ya mwanadamu. Ya kwanza ni kumlisha na kumtunza, na hapo akaongeza jambo ambalo kila mwenye zizi angelisoma mara mbili: hata akizeeka au akiugua mpaka asiwe na faida tena. Yaani malisho hayafuati maziwa. Kisha akataja kutombebesha asichoweza, na kumchinja vizuri ukimchinja, na kutowachinja watoto wake mbele ya macho yake.

Wanachuoni wamekhitilafiana juu ya mnyama asiyeliwa, kama punda wa kufugwa, ambaye nyama yake Mtume (S.A.W.) aliikataza siku ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria. Punda akivunjika asitumainiwe kupona, je, auawe ili apumzike? Wamaliki wameruhusu, na katika vitabu vya Kihanafi mna ruhusa pia. Mashafii wetu wamekataza. Kwao hakuna la kufanya ila kumlisha, kumtibu na kumvumilia. Huo ni mzigo, na sisemi ni mwepesi. Ndugu zetu wa Lamu, kule pwani ya Kenya, ambako mizigo hubebwa na punda katika vichochoro, wamepata kituo kinachotibu punda bila malipo tangu 1987. Hapa kwetu hatuna kituo cha namna hiyo. Mwenye mnyama anabaki na simu yake na veterineri mmoja aliye mbali.

Ng'ombe wetu anaishi upande wa rahisi wa sheria. Analiwa, kwa hiyo kumchinja kumeruhusiwa, na kwa mnyama aliyevunjika paja kumchinja upesi ndiyo huruma. Nilimpigia veterineri kabla ya kujibu. Akasema ndama aliyevunjika chini ya goti hufungwa vipande vya mti au plasta, na akitulizwa mahali pamoja, kwa wiki kadhaa huweza kupona. Ng'ombe mzima, mzito, aliyevunjika paja, hapana. Atalala upande mmoja mpaka nyama yake ioze akiwa hai.

Sasa ile sindano. Dawa ile ina siku zake za kungoja, zimeandikwa juu ya chupa, na kwa aina inayokaa muda mrefu ni kama wiki nne kabla nyama haijaliwa. Zilikuwa zimepita siku nne tu. Mtu mmoja aliyekuwa amesimama nasi, mwenye akili ya biashara, akasema: basi mfungeni mguu, mlisheni hapohapo alipolala, wiki nne zipite, mchinje kwa bei nzuri na bila dhambi. Niliona ndugu yetu ameinua macho. Mimi maneno yale yalinitisha kuliko ya mchinjaji. Mchinjaji alitaka kuwadhulumu walaji. Huyu alitaka kumweka mnyama katika maumivu siku ishirini na nne ili hesabu itoke sawa, na akaliita jambo hilo uchamungu.

Wanafiqhi wana kanuni kwamba anayekula faida ya kitu ndiye anayebeba hasara yake. Maziwa ya ng'ombe yule alikunywa nani? Ndama wake wawili waliuzwa na nani? Basi mguu wake pia ni wake. Hawezi kumwachia hasara mama anayenunua nusu kilo sokoni. Mnajua kisa cha Mtume (S.A.W.) aliyetia mkono ndani ya rundo la nafaka akakuta maji chini, na alivyomkemea muuzaji aliyeficha. Muuzaji yule alisema ni mvua. Hata huyu wetu angesema ni mvua, na kweli ilikuwa mvua.

Nilimwambia: mchinje leo, kwa kisu kikali, mbali na ndama wake. Usiuze.

Akanyamaza. Kisha akasema, "Na watoto, Ustadhi? Wao hawana haki?" Wanayo, na sikuwa na jibu zuri. Nilimwambia tu kwamba haki yao iko juu yake, na juu yetu sote tuliosimama pale, lakini haiko juu ya tumbo la mtu asiyejua.

Msidhani nasema kama mtu msafi. Mwaka mmoja mbuzi wangu alivimba tumbo jioni. Nilijua ni gesi. Kisu kilikuwepo, mafuta ya kumnywesha yalikuwepo, lakini kesho yake ilikuwa siku ya soko na nilitaka nimuuze akiwa mzima, basi nikaswali Isha nikalala. Alfajiri nilikuta nyamafu. Nikasema kadari. Mke wangu akaniangalia, hakusema neno.

Hapa niongeze onyo moja, lisije jibu langu likaua mtu. Haraka ya kisu si ya kila ugonjwa. Mnyama akifa ghafla, au ukamkuta anakufa na damu inatoka puani au nyuma bila kuganda, huenda ni kimeta, ambayo wengine hapa wanaiita sharbo. Huyo hachinjwi wala hapasuliwi wala hachunwi. Anazikwa shimo refu au anachomwa, na veterineri anaitwa. Vijidudu vyake hukaa udongoni miaka mingi. Aprili 2025 viboko hamsini na zaidi walikufa kwa kimeta katika hifadhi ya Virunga, kusini yetu, na wakuu wa hifadhi wakawaonya watu wasile nyama ya porini.

Ndugu yetu alimchinja kabla ya Magharibi. Vijana wanne walichimba shimo kwenye migomba, wakamzika na ngozi yake. Mchinjaji alikaa majuma mawili bila kumwamkia. Watoto walirudishwa nyumbani kwa minervali, wakakaa siku tisa, mpaka mama yao alipopeleka mbuzi wawili sokoni. Mmoja alikuwa anachechemea kidogo. Mama akamwambia mnunuzi kabla hajaulizwa, na mnunuzi akapunguza bei.