Nani Ameloga Shamba Lako?

Somo letu: Mwanzo 2:15.

Wakati wa mvua iliyopita ndugu mmoja alikuja kuombewa. Mahindi yake, upande wa mto Lualaba, yalikuwa manjano kwa mwaka wa pili. Alisema bibi jirani ameliloga shamba. Kabla ya maombi nilimwomba twende na jembe. Tukachimba kwake: udongo mgumu, hakuna mnyoo hata mmoja. Tukachimba kwa yule bibi, chini ya majani yaliyooza: minyoo tele! Ndugu yetu hupiga dawa kila juma, tena huchanganya dawa mbili katika pompi moja. Bibi hana pesa ya dawa.

Niliona haya, kwa maana nami hupiga hivyo kwenye tomati zangu.

Sulemani alimtuma mvivu kwa chungu. Mimi nawatuma kwa mnyoo. Yeye hula majani makavu, na mavi yake ni chakula cha mimea. Vijia vyake huingiza maji na hewa mpaka kwenye mizizi. Mwaka 1881 mtaalamu wa Uingereza, Charles Darwin, alitoa kitabu kizima juu ya kazi hiyo.

Dawa nyingi zinazoua kiwavi humdhuru mnyoo pia. Hata dawa ya shaba ya kuzuia ugonjwa wa tomati haiozi. Hubaki udongoni miaka mingi, na minyoo huikimbia. Hapa Kolwezi sehemu nyingi za udongo zimekwisha kubeba shaba ya machimbo. Je, tuongeze nyingine?

Najua njaa ipo. Tangu 2016 kiwavi kutoka Amerika ameingia Afrika, naye hula mahindi yetu. Sisemi mwacheni ale. Okoteni viwavi kwa mkono asubuhi. Dawa iwe ya mwisho, kwa kipimo, penye wadudu tu. Msichome majani makavu, yafunike udongo. Minyoo watarudi, lakini polepole.

Adamu alipewa kazi mbili: kulima na kulinda. Wengi wetu tumeshika moja.

Ndugu yule hajaenda bado kumwomba bibi msamaha. Tumwombee. Nawe, kabla ya kumtaja mtu mbele ya nabii, chimba kwanza.

Amina.