Urithi Usiojengewa Uzio

Urithi na amana ni maneno yanayokaa jirani bila kuwa ndugu. Mrithi hupokea kilichokuwa cha mwingine na kukifanya chake; aliyewekewa amana hupokea kitu kisicho chake, na siku moja atatakiwa kukitoa kikiwa kizima. Tukiita mila za ukoo urithi wetu, aghalabu huwaza maana ile ya kwanza: hazina, fahari, kitu cha kuwekwa makumbusho. Vitabu vya picha ambavyo wenyeji asilia wa Amerika Kaskazini wamewaandikia watoto kuhusu maji vinaonyesha jinsi maana hiyo ilivyo finyu. Shamba la babu utalijengea uzio. Mto hauna uzio. Anayeurithi hupokea alichokiacha aliye juu, kiwe safi au kichafu, na papo hapo yeye naye ni wa juu kwa mtu asiyemjua.

Joanne Robertson, katika The Water Walker (2017), anasimulia habari za Josephine Mandamin, bibi wa jamii asilia ya Anishinaabe aliyeanza mwaka 2003 kuyazunguka kwa miguu maziwa makubwa ya Kanada na Marekani, mkononi ndoo ya shaba yenye maji. Kwa jicho la mali, ni kazi bure: ndoo ile haimwagilii bustani wala haikati kiu. Kwa jicho la amana, kubeba ndiko kwenyewe, maana kinachopokezwa ni wajibu, na wajibu hauonekani mpaka mtu autembee. Bibi huyo alifariki mwaka 2019. Mwaka huohuo wadhifa aliokuwa nao wa kamishna mkuu wa maji wa umoja wa Anishinabek ulikwenda kwa Autumn Peltier, msichana wa miaka 14, ambaye kwa hesabu zetu za ukoo tungemwita mjukuu wake.

Kuna atakayesema kwamba kwa vitabu hivi tunawatwisha watoto mizigo ya wakubwa. We Are Water Protectors (2020), kilichoandikwa na Carole Lindstrom na kuchorwa na Michaela Goade, kilizaliwa na upinzani wa mwaka 2016 wa wenyeji asilia wa Standing Rock dhidi ya bomba la mafuta lililopangwa kupita chini ya Ziwa Oahe, na ndani yake bomba hilo ni nyoka mweusi. Lakini watoto wa Standing Rock hawakuletewa hofu na kitabu. Waliikuta katika maji ya kunywa. Hoja nzito zaidi ni kwamba kitabu kilichelewa. Mafuta yalianza kupita mwaka 2017, na nishani ya Caldecott, ambayo Goade alikuwa mchoraji wa kwanza miongoni mwa wenyeji asilia wa Amerika kuipata, mwaka 2021, haikuzuia hata tone moja. Ni kweli. Kama maji ni mali, basi kitabu hicho ni tanzia. Kama ni amana, kushindwa hakumwondolei mlinzi deni lake, na simulizi bado lina kazi.

Hoja inayoniuma mimi ni nyingine: kwamba vitabu hivi hulisha ile ndoto ya wageni kuwa mwenyeji asilia huzaliwa na ulinzi wa mazingira damuni. Navisoma kinyume. Lingekuwa jambo la damu, mabibi wasingekuwa na haja ya kusimulia. Mila hufundishwa, na kinachofundishwa huweza kusahauliwa, ndiyo maana kitabu kikachapishwa. Nina shaka tu na kiapo kilichowekwa mwishoni mwa kitabu cha Lindstrom, ambacho msomaji yeyote hualikwa kukitia saini kwamba atalinda ardhi na maji. Amana mtu hajichukulii, huwekewa. Hata hivyo mtoto wa miaka minne hajui kuandika jina lake, na mkono utakaoishika kalamu pamoja naye ni wa mtu mzima aliyekuwa akimsomea.