Kaburi Tupu la Namirembe



Juzi nilimtembelea mama mmoja wa mtaa wetu ambaye kwa Jumapili nyingi hakuonekana kanisani. Tulipokwisha kusalimiana aliniuliza, "Padre, nilimwombea mume wangu miaka mitatu, na bado akafa. Je, imani yangu ilikuwa haba?" Akaongeza kwamba anaona haya kuja ibadani kwa kuwa hana sadaka, na tena amesikia watu wakisema kuwa nyumba yake ina laana.

Swali hilo si lake peke yake. Wengi wetu tunaliuliza kimoyomoyo mvua inapokosa, ada ya shule inapotushinda, au ugonjwa unapokaa nyumbani.

Mwezi huu wa Februari, tarehe 16, tunamkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Alizaliwa Mucwini, katika nchi ya Waacholi, mwaka 1922. Aliokoka mwaka 1948 alipokuwa mwalimu wa shule, na mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Katika siku za Idi Amin, watu walipokuwa wakikamatwa na kupotea, yeye aliwaendea wakuu kuwauliza habari zao. Mapema Februari 1977 askari waliingia nyumbani mwake usiku, wakidai kutafuta silaha. Maaskofu wakamwandikia Amin barua ya kulalamika. Tarehe 16 mwezi huo huo Askofu Mkuu aliuawa pamoja na mawaziri wawili, na serikali ikatangaza kwamba ilikuwa ajali ya gari.

Je, na imani yake ilikuwa haba? Hasha! Bwana wetu mwenyewe aliomba kule Gethsemane kikombe kimwondokee, nacho hakikuondoka. Basi tuache kuipima imani ya mtu kwa taabu iliyompata. Imani si hirizi.

Jumapili iliyofuata, kaburi lilikuwa limekwisha kuchimbwa Namirembe, karibu na la Askofu Hannington aliyeuawa mwaka 1885. Lakini mwili haukuletwa. Ulipelekwa Mucwini ukazikwa huko. Ibada ya kumkumbuka nayo ilikuwa imekatazwa. Hata hivyo watu walifurika katika kanisa kuu, wakaimba wimbo wa mashahidi wa Uganda, kisha wakatoka wakasimama kando ya kaburi lile tupu. Hapo wakakumbushwa kaburi lingine, lile ambalo wanawake walilikuta tupu alfajiri ya Pasaka.

Sidhani kwamba watu wale walikuja bila hofu. Kila mmoja angalikaa nyumbani peke yake, hofu ingalimshinda. Lakini walikuja pamoja. Na yule aliyeshindwa kuimba kwa machozi alimsikia jirani yake akiimba. Hivyo ndivyo Mungu anavyowalinda watu wake wasianguke: humpa mmoja nguvu ili amshike mwenzake.

Kwa hiyo nilimjibu yule mama, "Kuomba miaka mitatu si imani haba. Njoo hivyo hivyo ulivyo, mikono mitupu. Ukishindwa kuomba, keti tu, nasi tutaomba kwa ajili yako."

Jumapili iliyopita alikuja. Aliketi benchi la nyuma, wala hakuimba. Nilifurahi sana kumwona. Lakini ndugu zangu, nilipotazama kutoka madhabahuni, niliona kwamba hakuna aliyeketi karibu naye. Nilikuwa nimemwahidi kwa jina lenu, na ahadi yangu ikawa kama uongo.

Nawasihi, Kwaresima hii tusihesabu tu vyakula tulivyoviacha. Tuhesabu pia nani hayupo kanisani, na kabla jua halijatua tukapige hodi kwake. Na Jumapili ijayo, nafasi ile kando ya mama yetu isiwe tupu.

Mungu wa faraja yote awatie nguvu nyote. Amina.

Ni mimi padre wenu.