Wazazi, Mtafuteni Mtoto Wenu

Mtakatifu Luka atusimulia jinsi Yesu alivyobaki Yerusalemu baada ya Pasaka, alipokuwa na umri wa miaka 12. Maria na Yosefu walidhani yumo msafarani pamoja na jamaa. Wakaenda mwendo wa siku nzima kabla ya kutambua kwamba hayupo. Habari hii twaijua sote. Lakini yafaa akina baba na akina mama waisome tena, maana ni habari ya mtoto aliyefika mlangoni pa ujana, na ya wazazi waliomdhania yupo kumbe hayupo.

Watoto wengi siku hizi hupotea wakiwa nyumbani. Binti aliyependa kwaya ameiacha, wala hasemi sababu. Kijana wa kidato cha pili aliyekuwa akisifiwa na walimu sasa ashika mkia, na jioni hujifungia chumbani. Baba asema ni kiburi. Mama asema ni uvivu. Shangazi anong'ona kwamba amerogwa. Katika nyumba nzima hakuna hata mmoja aliyemwuliza mtoto mwenyewe.

Yatupasa kwanza kutenganisha makuzi na maradhi. Sehemu ya mbele ya ubongo, ile impayo mtu kupima matokeo na kuzuia hasira, ndiyo ikomaayo mwisho, karibu na umri wa miaka 25. Tena mwili wa kijana huchelewa kusikia usingizi usiku, na huku wahitaji kulala saa 8 hata 10. Kwa hiyo si kila jibu la mkato ni uasi, wala si kila asubuhi ya kuchelewa kuamka ni uvivu. Hatusemi kwamba adabu iachwe. Twasema kwamba anayemrekebisha mtoto hana budi kujua anarekebisha nini. Wahenga walisema samaki mkunje angali mbichi; hawakusema mvunje.

Lakini yapo yasiyo makuzi. Shirika la Afya Duniani lakadiria kwamba kijana 1 katika kila 7 walio na umri wa miaka 10 hadi 19 ana maradhi ya akili, na wengi wao hawatambuliwi wala kutibiwa. Basi mzazi na aangalie. Huzuni au hasira ikidumu majuma mawili au zaidi. Mtoto akiwaacha rafiki zake, akipoteza usingizi au hamu ya chakula, akilalamika kichwa na tumbo bila daktari kuona sababu. Akijikata mwilini, akigawa vitu vyake vya thamani, au akisema heri asingalizaliwa, hayo si ya kungojea yapite yenyewe.

Hapo mwulizeni, kwa upole na waziwazi, kama anafikiri kujiua. Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandia wazo. Sivyo, humfungulia mlango wa kusema. Akikiri, msimkemee, wala msimwache peke yake. Ondoeni karibu naye dawa za vidonge na sumu za shambani, mkampeleke hospitali siku ileile.

Wako watakaouliza: Je, sala haitoshi? Ndugu wapenzi, sala haishindani na dawa. Yoshua bin Sira afundisha kwamba mganga ameumbwa na Mungu, na dawa zatoka katika nchi aliyoiumba Yeye. Mwombeeni mtoto, mpelekeni kwa padre, na mpelekeni kwa daktari pia. Ni aibu kwetu kwamba jina la Mirembe, hospitali ya Dodoma iliyotibu wengi, limegeuzwa kuwa tusi la mitaani. Kwa tusi hilo wagonjwa hujificha. Nalo Kanisa, katika Katekisimu ya mwaka 1992, lafundisha kwamba mahangaiko makubwa ya nafsi yaweza kupunguza lawama ya aliyejiua, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Ikiwa Kanisa laonyesha huruma hiyo kwa aliyekwisha kufa, je, sisi tumnyime aliye hai?

Mtume Paulo alipowaandikia Wakolosai hakuwaonya watoto peke yao. Aliwaonya na akina baba wasiwavunje moyo. Naye Papa Fransisko, mwaka 2016 katika waraka wake Amoris Laetitia, aliwakumbusha wazazi kwamba jambo kubwa si kujua tu mwili wa mtoto uko wapi, bali kujua yuko wapi katika maisha yake, na moyo wake washikamana na nini.

Yatazameni basi waliyoyafanya Maria na Yosefu. Walirudi njia yote, wakamtafuta wote wawili, wala baba hakumwachia mama kazi hiyo. Walipomwona, mama hakuficha uchungu wake, lakini alianza kwa kuuliza. Tena jibu walilopewa hawakulielewa. Hata hivyo Maria aliliweka moyoni. Mzazi asiyeelewa bado aweza kusikiliza.

Leo jioni, redio ikizimwa na simu zikiwekwa kando, keti karibu na mwanao. Mwulize habari zake, kisha unyamaze umsikie. Akikaa kimya leo, kesho mwulize tena. Maria na Yosefu walitafuta siku tatu.