Je, ni haki kulipia moto ambao haujawaka?

Tulipime swali hili kwa mfano wa jimbo la California, huko Marekani.

Tangu 2012 hadi 2016 ukame ulilipiga jimbo hilo, na miti zaidi ya milioni 100 ikafa kwa kiu na wadudu. Septemba 2018 ikatiwa sahihi sheria ya kutenga dola milioni 200 kila mwaka, kwa miaka 5 kuanzia 2019, ili kupunguza miti iliyosongamana na kuchoma majani makavu kwa uangalizi. Lakini Novemba 2018, kabla fedha hizo hazijaanza kutumika, moto uliteketeza mji wa Paradise. Watu 85 walikufa, wengi wao wazee.

Wengine husema: watu wana njaa leo, kwa nini fedha ziende msituni? Tena moto usipokuja, husema fedha zimepotea bure. Hata Yusufu alikusanya sehemu ya tano ya mavuno ya Misri wakati watu wameshiba. Njaa ilipofika, ndipo hekima yake ilionekana.

Sisi twaona ni haki, kwa sababu moto hauwapati wote sawasawa. Mwenye gari hukimbia. Mzee na mgonjwa hubaki. Basi fedha za wote zianze kuwakinga hao.

Nasi tunaoishi chini ya shitingi na nyasi, kiangazi hiki tukifyeka majani ya kuzuia moto, tuanzie nyumbani kwa mjane.