Salio la Mwenye Kuondoka: Ni Mali ya Nani?

Wahenga wetu walisema kuwa ahadi ni deni. Methali hii huwafundisha watoto kwamba anayeahidi hujifunga, na kwamba hafunguki mpaka ameitimiza ahadi yake. Lakini liko swali jingine ambalo siku hizi limeingia majumbani mwetu kwa njia ya simu. Mtu akilipa kabla ya kupewa, kisha akaondoka kabla hajamaliza kutumia alichokilipia, je, kilichobaki ni mali ya nani? Ni cha yule aliyelipa, au ni cha yule aliyepokea? Nakusudia kulipima swali hilo si kwa jicho la mwanasheria, bali kwa jicho la mwalimu wa lugha, kwa kuwa naamini sehemu kubwa ya ugomvi huu imejificha ndani ya maneno.

Yafaa kwanza tulieleze jambo lenyewe. Mwalimu mwenzetu mmoja wa hapa Gitaza alijiandikisha katika huduma ya mtandao inayotoa masomo ya kusikiliza. Kila mwezi ililipwa ada, na kila ada ilimpatia tiketi kumi. Tiketi moja hufungua somo moja. Fedha hizo hazikuwa zake. Wazazi wa wanafunzi walichanga, baadhi yao kutokana na ndagala, wengine kutokana na mawese yaliyouzwa Rumonge, na jamaa yake aliyeko ng'ambo ndiye aliyelipa kwa kadi ya benki. Likizo kubwa ilipofika zilikuwa zimebaki tiketi 26. Akasimamisha ada, akitumaini kuzitumia tiketi hizo masomo yatakapoanza tena. Alipofungua ukurasa wake hakukuta hata moja. Alipouliza, akajibiwa kwamba tiketi huishi maadamu uanachama unaishi. Sasa wazazi wanauliza habari za fedha zao, naye hana cha kuwaonyesha isipokuwa jibu hilo.

Desturi hii haikuanzia hapo wala haikuishia hapo. Kampuni ya Audible, inayouza vitabu vya kusikilizwa, hufuata kanuni ya namna hiyo: mwanachama akijitoa, vitabu alivyokwisha kuvinunua kwa stahili zake hubaki vyake, lakini stahili za vitabu ambazo hajazitumia hupotea. Vifurushi vya simu tunavyovinunua kila siku navyo vina saa ya kufa, hata kama mnunuzi hajatumia nusu yake.

Haki hutaka tuwasikilize wauzaji kwanza. Husema, mosi, kwamba masharti yaliandikwa na mteja akayakubali. Husema, pili, kwamba bei ni nafuu kwa sababu ya masharti hayo. Na hapa wana ukweli, kwani vifurushi visivyo na mwisho kwa kawaida huuzwa ghali kuliko vyenye mwisho. Husema, tatu, kwamba mwenye huduma hujiandaa kwa ajili ya wote waliolipa, watumie wasitumie. Hoja hii ya tatu si ya kubezwa. Basi litokalo Rumonge kwenda Bujumbura hupita hapa Gitaza kwa barabara ya taifa namba 3. Abiria aliyelipia kiti asipotokea, kiti kile husafiri kitupu, na hakuna awezaye kukirudisha kikauzwe tena. Dereva akikataa kurudisha nauli, hatuwezi kumwita mdhulumaji.

Lakini hebu tutazame mfano wa pili, nao pia ni wa pwani yetu. Mtu amelipa bidoni kumi za mawese kwa mwenye shamba, akachukua nne, kisha akapata mahali pengine pa kununulia. Je, mwenye shamba aweza kumwambia, "Kwa kuwa hutaki tena kuwa mteja wangu, bidoni sita zilizobaki ni zangu"? La hasha! Mtaa mzima ungemcheka, na baada ya kicheko ungemwita mwizi. Kiti cha basi ni muda, na muda ukipita umepita. Bidoni ni kipimo, na kipimo hakipungui kwa sababu mwenye nacho amehama.

Basi tiketi ya mtandao ni kiti au ni bidoni? Muuzaji mwenyewe ametupa jibu. Yeye ndiye aliyezihesabu, akaziandika kwa tarakimu, akaziacha zirundikane mwezi hata mwezi. Masomo hayakuoza ghalani, wala hakuna mteja mwingine aliyenyimwa somo kwa sababu ya tiketi 26 zilizokuwa zikisubiri. Wakati wa kuuza, kitu kile kilikuwa bidoni. Wakati wa mteja kuondoka, kikageuzwa kuwa kiti. Kosa la kwanza, kwa hiyo, ni la lugha: kitu kimoja kimepewa majina mawili, na kila jina limechaguliwa kwa faida ya upande mmoja.

Kiswahili kinayo maneno ya kutusaidia. Tunalo neno arabuni, yaani fedha ya kutangulia inayomfunga mnunuzi na muuzaji. Wanazuoni wa fikihi walilijadili jambo hili karne nyingi kabla ya simu. Abu Hanifa, Malik na Shafii hawakuruhusu muuzaji aichukue arabuni pale mnunuzi anapoghairi, kwa hoja kwamba kufanya hivyo ni kula mali ya mtu bila kumpa badali. Ahmad bin Hanbal aliruhusu, na wanaomfuata hueleza kwamba muuzaji amekizuia kitu chake kisiuzwe kwa mwingine, hivyo anastahili fidia ya kungoja. Msomaji ataona kwamba hata hoja ya anayeruhusu haiwafai wauzaji wetu wa leo, kwa maana hawakuzuia chochote. Tunalo pia neno amana: mali ya mtu iliyo mikononi mwa mwingine. Mwenye kuiweka aweza kuchelewa, aweza kusafiri, aweza hata kusahau. Amana haigeuki kuwa mali ya aliyeishika. Kwa msingi huo Kenya ilitunga mwaka 2011 sheria ya mali za fedha zisizodaiwa, ili fedha zilizosahauliwa katika mabenki na makampuni zihifadhiwe kwa ajili ya wenyewe au warithi wao. Ikiwa aliyesahau haipotezi haki yake, kwa nini aipoteze aliyekumbuka na kudai?

Iko hoja nyingine ambayo sisi wa kando ya ziwa hatuwezi kuinyamazia. Wavuvi wa taa katika Tanganyika hutegemea giza. Mbalamwezi ikiwa kamili, taa haiwavuti samaki vema, na mitumbwi mingi hupumzika. Mapato yao basi hupanda na kushuka pamoja na mwezi wa angani. Kanuni isemayo "endelea kulipa, la sivyo utapoteza ulichokwisha kulipa" haimgusi mwenye mshahara, maana yeye haachi kulipa. Humpata yule ambaye riziki yake hukatika na kurudi. Sharti moja lililoandikwa kwa watu wote huwa adhabu kwa wachache, na wachache hao ndio wenye dhiki.

Atasema mtu kwamba haya ni maneno ya walimu, na biashara haiwezi kwenda hivyo. Mambo yaliyotokea hujibu. Mwaka 2019 wakili mmoja wa Kenya alipeleka malalamiko juu ya vifurushi vinavyokwisha muda mbele ya baraza la rufani la mawasiliano, na mwezi Oktoba mwaka huo huo Safaricom ilianza kuuza vifurushi visivyo na mwisho. Afrika Kusini nayo, mwaka 2019, ilianza kutekeleza kanuni zinazoyataka makampuni ya simu yawawezeshe wateja kusogeza mbele salio la intaneti au kumpa mtu mwingine. Kampuni hizo hazikufa.

Sisemi kwamba kila salio lazima lirudishwe kwa fedha taslimu. Aliyeuziwa kwa bei nafuu kwa sharti la muda, naye akaelezwa waziwazi, amechagua mwenyewe. Nasema kwamba uadilifu hudai mambo matatu. Kitu kiitwe kwa jina lake tangu mwanzo: kama ni muda, kiuzwe kama muda, kisihesabiwe kama bidoni. Mteja anayetaka kuondoka aambiwe, kabla hajaondoka, ni kiasi gani atakachopoteza. Na apewe nafasi ya kutumia alichokilipia, hata kama hapewi kipya.

Kuhusu mwenzetu, naona kuwa wazazi hawamdai fedha, maana mwenye kushika amana halipi kilichopotea pasipo uzembe wake. Wanamdai hesabu. Mali bila daftari hupotea bila habari. Naye ameiandika kila senti na kila tiketi, na daftari hilo ndilo atakalolifungua mbele yao.

Kwetu sisi walimu iko kazi. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na Kiswahili kinafundishwa katika shule zetu. Lakini masharti tunayoyakubali kwa kubonyeza kidole huja kwa Kifaransa au Kiingereza. Tuyalete darasani. Wanafunzi wayafasiri sharti kwa sharti, na kila wanapofika kwenye neno salio, waulizwe: katika sentensi hii, mwenye mali ni nani?