Oringi Katika Glasi ya Barafu

Usiku wa tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za pembeni za chombo cha anga cha Challenger, huko Utah, walikuwa kwenye simu na maofisa wa NASA waliokuwa Florida na Alabama. Challenger ilipangiwa kurushwa asubuhi yake, na utabiri ulisema usiku huo joto lingeshuka chini ya nyuzi sifuri. Wahandisi walitaka safari iahirishwe. Walihofia oringi, zile pete za mpira ambazo fundi yeyote wa gereji anazijua. Kwenye roketi za pembeni, kazi yake ilikuwa kuziba maungio ili gesi ya moto isipenye. Mpira ukipigwa na baridi hukakamaa, hauwahi kutanuka na kuziba, na gesi haina subira.

Jambo lenyewe walilijua barabara. Kulieleza ndiko kulikowapiga chenga.

Walituma kurasa 13, nyingi zimeandikwa kwa mkono harakaharaka. Zilijaa vipimo na matokeo ya majaribio, lakini hapakuwa na hata mmoja uliopanga safari zote zilizotangulia kufuata joto la siku ya kurushwa. Mazungumzo yakaelemea zile tu ambazo oringi zake zilipata kasoro. Moja, ya Januari 1985, ilirushwa kwenye nyuzi 12 hivi za Selsiasi; nyingine, ya Oktoba mwaka huohuo, kwenye 24. Basi wakaulizwa: kama kasoro hutokea kwenye baridi na kwenye joto pia, baridi ina kosa gani? Swali la haki kabisa, tukiacha ushabiki. Mhandisi Roger Boisjoly alikuwa na jibu: masizi ya ile safari ya baridi yalikuwa meusi tititi, ushahidi kwamba gesi ilipenya vibaya zaidi. Lakini jibu la maneno matupu, kupitia simu, halikumtikisa mtu.

Simu ikasitishwa kwa muda ili Thiokol washauriane. Mhandisi Arnie Thompson akainuka, akaenda mbele ya mameneja wake na kuwachorea ungio kwenye karatasi. Boisjoly akawawekea picha za masizi mezani. Huo ndio uelezaji niutakao mimi, wa kumsogezea mtu kitu machoni, ila ulikuja wakati wakubwa wameshaamua. Mmoja wao akamtaka mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi, avae ya umeneja. Waliporudi kwenye simu, walikuwa wamekubali chombo kirushwe.

Siku iliyofuata, sekunde 73 baada ya kurushwa, Challenger ilisambaratika. Wote 7 waliokuwamo walikufa, akiwamo mwalimu wa shule, Christa McAuliffe.

Tarehe 11 Februari, katika kikao cha tume ya uchunguzi, mbele ya kamera za televisheni, mwanafizikia Richard Feynman alichukua kipande cha mpira wa oringi, akakibana kwa klampu, akakitumbukiza kwenye glasi ya maji ya barafu. Alipokitoa na kulegeza klampu, mpira haukurudi upesi kwenye umbo lake. Hapo hakuhitajika mkalimani wa kisayansi.

Ripoti ya tume nayo ikapanga hesabu ambayo ingetosha nusu ukurasa: safari 4 zilizorushwa chini ya nyuzi 18 hivi, zote zilikuwa na kasoro; kati ya 20 za siku zenye joto zaidi, ni 3 tu.

Wapo wanaowatwisha wahandisi lawama yote kwa kutopanga hesabu hiyo. Siafiki. Kwa kawaida anayetaka kurusha ndiye huthibitisha kwamba ni salama. Usiku ule, aliyetaka kusubiri ndiye aliyetakiwa kuthibitisha kwamba kungetokea maafa. Hata hivyo, zile safari 17 zisizo na doa zilikuwa kwenye kumbukumbu, na ndizo zingemjibu aliyeuliza baridi ina kosa gani.